Kujenga Rampu ya Kwotapaipu Nakuru: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mbao hadi Kushuka

Nimetumiwa picha za rampu kutoka Lanet, Kiamunyi, Kondele na hata Kakamega. Karibu zote zina kosa lilelile. Mnajenga mteremko ulionyooka, kama ule wa kupandishia wilbaro, kisha mnashangaa skeitibodi ikikwama chini na kuwarusha mbele. Tatizo haliko kwa miguu yenu. Liko kwenye mbao.

Wengi wenu mliniandikia baada ya kumwona Mjapani Ayumu Hirano kwenye simu akipaa kwa snoubodi (ubao wa kutelezea kwenye theluji) juu ya hafupaipu, yaani kuta mbili za theluji zilizopinda na kutazamana, mkauliza kijana wa Nakuru aanzie wapi. Aanzie kwenye mviringo, yaani kwenye kwotapaipu: rampu yenye ukuta mmoja tu uliopinda. Hirano alikua akipanda skeitibodi na snoubodi pamoja. Agosti 2021 alishindana kwa skeitibodi kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Februari 2022 akachukua dhahabu ya snoubodi Beijing. Shaun White, mwenye dhahabu tatu za hafupaipu (2006, 2010 na 2018), naye alikuwa mshindani wa kulipwa wa skeitibodi. Theluji hatuna. Mviringo tunaweza kuujenga uani.

Mwongozo huu ni wa rampu moja yenye urefu wa kwenda juu sentimita 90 na upana wa sentimita 244. Vipimo vyote vinategemeana. Ukibadilisha kimoja, piga hesabu upya.

## Vifaa vya kununua kwanza

Usianze kukata kabla ya vyote hivi kuwa mbele yako. Rampu nyingi zilizokwama nusu zilikwama kwa sababu plaiwudi iliisha, mwenyewe akaziba pengo kwa kipande chembamba.

- Plaiwudi ya milimita 18, shiti 3 za futi 8 kwa 4. Hizi ni mbavu, yaani vipande vya kusimama vinavyobeba mviringo.
- Plaiwudi ya milimita 9, shiti 4. Hizi ni za juu, mahali magurudumu yanapopita.
- Mbao za saipresi za 2 kwa 4, urefu wa futi 12, vipande 12.
- Bomba la chuma la inchi 2. Huuzwa kwa urefu wa mita 6. Wewe utakata sentimita 244. Kilichobaki usikiuze.
- Shiti ya chuma ya geji 16, sentimita 244 kwa 30. Bati la paa halifai kwa kazi hii, litajikunja siku ya kwanza.
- Skurubu za inchi 3 kwa fremu na za inchi 1½ kwa plaiwudi ya juu.
- Drili, jigso (msumeno mdogo wa umeme), tepu, skwea, pimamaji, msasa na penseli.
- Karatasi nzito ya nailoni, turubai na rangi ya mafuta.

Mtu wa Nakuru ana bahati kwa mbao. Elburgon na Molo ziko karibu, na saipresi nzuri hupatikana bila shida. Chagua iliyokauka. Mbao mbichi ikikaukia ndani ya rampu hujipinda na kuivuta plaiwudi pamoja nayo. Inyanyue upande mmoja, funga jicho moja, uitazame kwa urefu wake kama fundi anavyofanya. Ikiwa imepinda kama upinde, mrudishie mwenye duka bila kuona haya.

Usitumie misumari. Magurudumu yakipita mara mia, msumari huanza kujitoa kidogo kidogo, na kichwa kilichochomoza nusu sentimita kinatosha kukusimamisha ghafla ukiwa mwendoni.

Vifaa vya mwili ni sehemu ya orodha hii, si nyongeza: helmeti inayofunika kisogo, pedi za magoti zenye ganda gumu, na vikinga vya vifundo vya mikono. Anayejifunza huanguka na kutanguliza mikono, ndiyo maana kifundo cha mkono huvunjika mapema. Helmeti ya bodaboda ni nzito kwa shingo na hukuzibia macho. Ile ya mtumba ikague ndani. Ikiwa na ufa hata mdogo kwenye povu lake, iache palepale.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali

Unahitaji sakafu ya saruji au lami, tambarare, yenye angalau mita 6 mbele ya rampu. Weka pimamaji chini, pande zote mbili. Rampu iliyoinama kushoto itakupeleka kushoto kila mara, nawe utadhani ni kosa lako.

Tandika nailoni kabla ya kuweka mbao. Kisumu na Kakamega unyevu hupanda kutoka chini na mchwa hawana huruma, kwa hiyo mbao zote zinazogusa ardhi zipake dawa ya mchwa na uziache zikauke. Nakuru adui mkubwa ni vumbi, na tutalifikia.

## Hatua ya 2: Chora mviringo

Soma hatua hii mara mbili. Hapa ndipo karibu kila mtu alipoharibu.

Rampu yangu ya kwanza niliichora kwa macho. Ilionekana nzuri kabisa ikiwa imesimama ukutani. Nilipoishuka, pua ya bodi iligonga pale chini ambapo mviringo ulikuwa umepinda ghafla, nikatua kwa bega. Wiki tatu sikuweza kuvaa shati bila kusaidiwa. Tangu siku hiyo sichori tena bila msumari na ubao wa kupimia.

Mviringo wetu ni kipande cha duara ambalo umbali wake kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 180. Kwa nini 180? Ukitumia 90 kwenye rampu ya sentimita 90, sehemu ya juu inasimama wima kama ukuta, na anayeanza hana njia ya kuushuka. Ukitumia 180, juu inakuwa na mwinamo wa nyuzi 60: mkali wa kutosha kukufundisha, mpole wa kutosha kukusamehe.

Laza shiti moja ya milimita 18 sakafuni, ukingo mrefu uwe ndio chini ya rampu. Kutoka nyuma pima sentimita 211 kwenye ukingo huo, uweke alama A. Kutoka A, kwa skwea, chora mstari wa kwenda juu hadi sentimita 180. Shiti ina sentimita 122 tu, kwa hiyo mstari utatoka nje. Weka shiti ya pili ubavuni ili upate pa kupigilia msumari mwishoni mwa mstari huo.

Chukua ubao mwembamba ulionyooka. Toboa matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita 180 kamili. Tundu moja livishe kwenye msumari, jingine litie penseli. Anzia A, zungusha polepole kuelekea nyuma. Usitumie kamba, kamba huvutika, na mviringo wako utakuwa na tumbo.

Mstari ukifika kimo cha sentimita 90, pima kutoka nyuma ya shiti. Lazima upate sentimita 55. Ukipata 50 au 60, kuna kosa kwenye skwea yako au kwenye msumari. Futa, rudia. Zile sentimita 55 za nyuma ndizo jukwaa la kusimamia.

## Hatua ya 3: Kata mbavu tatu zilizo sawa

Kata ubavu wa kwanza kwa jigso, ukiacha milimita moja nje ya mstari, kisha usugue kwa msasa hadi kwenye mstari wenyewe. Huo ndio utakaotumia kuchorea ule wa pili na wa tatu. Usiuchore wa tatu kwa kutumia wa pili, maana makosa madogo huzaana.

Zibane zote tatu pamoja na upitishe kiganja juu ya ukingo. Vidole huhisi kigongo ambacho macho hayakioni. Ukihisi zote kama ukingo mmoja, umefaulu.

## Hatua ya 4: Simamisha fremu

Simamisha mbavu tatu: kushoto, kati na kulia. Kila mbao inayoziunganisha ina urefu wa sentimita 119.3. Ubao mmoja wa futi 12 hutoa vipande vitatu bila kubakiza kitu cha maana.

Kufuata mviringo, pima kutoka chini kwenda juu. Ubao wa kwanza uwe kwenye sentimita 42, nao ulale bapa, kwa sababu hapo kimo ni takriban sentimita 5 tu. Kuanzia hapo weka ubao mmoja kila baada ya sentimita 20 au chini ya hapo, ukiwa umesimama kwa ukingo na kuinamishwa kidogo ufuate mviringo. Hakikisha mbao mbili ziko pale kwenye sentimita 66.5 na 122. Hapo ndipo plaiwudi zitakapoungana, na kiungo kisicho na ubao chini yake huzama.

Skurubu mbili za inchi 3 kila mwisho. Kwenye ubavu wa kati mbao hukutana pande zote mbili, kwa hiyo kaza kwa mshazari. Malizia na mbao za jukwaa, mbao za chini, na mbili za mshazari nyuma ili fremu isiyumbe.

Panda jukwaani, mwambie mwenzako naye apande, rukeni. Ikilia kama kitanda kibovu, tafuta skurubu iliyolegea sasa hivi. Ukishafunika hutaiona tena.

## Hatua ya 5: Funika kwa plaiwudi

Urefu wa mviringo wenyewe, ukiupima kwa kuufuata, ni sentimita 188.5. Shiti moja iliyolazwa kwa upana wa rampu hufunika 122. Inabaki 66.5, ambayo utaikata kutoka shiti ya pili. Kipande kitakachosalia ni cha sentimita 55.5, na hicho ni jukwaa lako. Ndiyo sababu nilichagua vipimo hivi. Hakuna plaiwudi inayotupwa.

Tabaka la kwanza: shiti nzima chini, kipande juu. Tabaka la pili: kipande chini, shiti nzima juu. Viungo visikutane mahali pamoja.

Plaiwudi ya milimita 9 hupinda kirahisi ikiwa imelazwa hivi, kwa sababu nyuzi zake za juu zinaenda na upana wa rampu. Ikikataa, lowesha upande utakaotazama chini kwa kitambaa cha maji na uiache kidogo. Anza kukaza chini, panda ubao kwa ubao, mwenzako akiwa ameikalia. Ukianza juu na chini pamoja, katikati itabaki na hewa.

Zamisha kila kichwa cha skurubu hadi kiwe chini kidogo ya uso wa plaiwudi. Pitisha kiganja tena, safari hii polepole.

Kati ya ule ubao wa sentimita 42 na ncha ya mbele hakuna ubao chini. Kabla ya kufunika, jaza pengo hilo kwa mabaki ya plaiwudi ya mbavu, kwa sababu uzito wako wote hupita hapo.

## Hatua ya 6: Kopingi na bati la mbele

Kopingi ni lile bomba la juu, pale jukwaa linapokutana na mviringo. Kata pembe ya kila ubavu kidogo kidogo, ukijaribisha bomba na vipande vya plaiwudi, hadi bomba lichomoze takriban nusu sentimita juu ya jukwaa na nusu sentimita mbele ya mviringo. Likichomoza sana, magurudumu ya nyuma yatakwama. Likizama, hutahisi ukingo kwa miguu.

Fundi wa kuchomea akutobolee: tundu kubwa upande wa nje linalopitisha kichwa cha skurubu, dogo upande wa ndani linalokishika. Tundu kubwa litazame nyuma na juu, si mahali magurudumu yanapopita. Asugue makali yote.

Shiti ya chuma ifunike mahali plaiwudi inapokutana na sakafu. Kaza upande wa rampu tu. Upande wa sakafuni ulale wenyewe. Paka rangi ya mafuta kote, hasa kwenye kingo za plaiwudi, maana maji huingilia huko. Na usipande kabla ya kufagia: changarawe moja ndogo chini ya gurudumu husimamisha bodi papo hapo, na vumbi la Nakuru hurudi kila alasiri upepo ukianza. Ufagio ukae kando ya rampu daima.

## Hatua ya 7: Pampu kutoka chini

Usipande jukwaani bado. Wiki ya kwanza ni ya chini.

Njoo kwa mwendo mdogo, ingia kwenye mviringo, uache bodi ipande na kurudi kinyumenyume. Kunja magoti kabla ya kuingia. Ukiwa ndani ya mviringo, nyoosha miguu. Umewahi kumwona mtoto akibembea bila kusukumwa? Anachuchumaa na kusimama kwa wakati unaofaa, na bembea inazidi kupanda. Kazi ni ileile, nayo ndiyo tunaiita kupampu. Ukinyoosha miguu ukiwa bado kwenye sakafu bapa, hupati kitu. Ukiinyoosha mviringo unapokubana miguu, unapata kasi.

Mpanda snoubodi kwenye hafupaipu hana injini nyingine pia. Ana mwinamo wa mlima na miguu yake, na asiyejua kupampu hufika ukuta wa tatu akiwa hana kimo.

Umefaulu hapa ukiweza kugusa nusu ya rampu na kurudi kinyumenyume mara kumi mfululizo bila mkono kugusa chini.

Katika wiki hiyohiyo jifunze kuanguka. Panda rampu mbio kwa miguu bila bodi, geuka, piga magoti kwenye pedi zako na uteleze hadi chini. Rudia hadi mwili uache kuogopa. Siku bodi itakapokuponyoka, magoti yatajipiga yenyewe.

## Hatua ya 8: Kushuka

Weka mkia wa bodi juu ya kopingi, magurudumu ya nyuma yakiwa upande wa ndani yameegemea bomba. Mguu wa nyuma uubane mkia. Bodi sasa inaelea hewani mbele yako. Mguu wa mbele uweke juu ya skurubu za traki ya mbele (chuma kinachoshika magurudumu), bila uzito kwanza. Kunja magoti.

Sasa kinachofuata kinakwenda kinyume na kila kitu mwili unachotaka. Utataka kuegemea nyuma, maana mbele kuna shimo. Ukiegemea nyuma, bodi itachomoka kwenda mbele peke yake nawe utapiga kisogo chini. Aliyeshuka nusu kwa woga ndiye huumia, kuliko aliyeshuka mzima.

Kwa hiyo kanyaga. Peleka uzito wote kwenye mguu wa mbele, ukandamize hadi magurudumu ya mbele yagonge plaiwudi. Mabega yafuate bodi: kama bodi imeinama nyuzi 60, mabega nayo yainame hivyohivyo. Mkono wa mbele usogeze kana kwamba unataka kugusa pua ya bodi. Macho yaangalie sakafu mita tatu mbele ya rampu. Ukiitazama miguu, kichwa hushuka na nyonga hubaki nyuma.

Mara za kwanza uwe na mtu wa kukushika mikono miwili, akisimama kando chini na si mbele yako. Akushike mara tano. Kisha mkono mmoja. Kisha asimame tu bila kukugusa. Kina dada wengi niliowafundisha walishuka mapema kuliko kaka zao, kwa sababu walikubali kushikwa mkono.

Sikiliza sauti. Ushukaji mzuri una kishindo kimoja kifupi cha magurudumu ya mbele, kisha mvumo laini hadi chini. Ukisikia mkwaruzo wa mkia, hukukanyaga vya kutosha. Ukisikia kishindo cha pili chini, magoti yalikuwa yamenyooka.

Ukigonga kichwa, hata kama unajisikia sawa, umemaliza siku hiyo. Kizunguzungu, kutapika au kusahau kilichotokea ni safari ya hospitali mara moja. Helmeti iliyopokea pigo kubwa haitumiki tena.

## Kutoka mbao hadi theluji

Hafupaipu ya mashindano makubwa ina kuta za mita 6.7. Rampu yako ni ya sentimita 90. Huko miguu imefungwa kwenye bodi, unashikilia ukuta kwa ukingo wa bodi badala ya magurudumu, na bomba zima limeinama kufuata mlima. Hayo utajifunzia kwenye theluji tu. Pampu, macho, kukubali kuegemea mbele na kuanguka kwa akili utakuwa umekwenda nayo.

Philip Boit, mkimbiaji wetu wa Bonde la Ufa, alikuwa hajawahi kuvaa ski (vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji) kabla ya 1996. Alihamia Finland kufanya mazoezi, na 1998 akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano. Michezo hiyohiyo ndiyo iliyoingiza hafupaipu ya snoubodi kwa mara ya kwanza. Mapafu aliyapata nyumbani, theluji akaifuata ilipo. Kwa Afrika, Afriski, kituo cha michezo ya theluji kule Lesotho, huwa na theluji kati ya Juni na Agosti, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kwenda Ulaya.

Ukiwa na ndoto ya kushindana, jizoeze kuhukumiwa tangu sasa. Majaji hutoa alama hadi 100 kwa kimo, ugumu, utekelezaji na aina tofauti za mitindo. Kwenye fainali ya Beijing kila mmoja alikuwa na mizunguko mitatu, na ule bora tu ndio uliohesabika. Hirano alipata alama zake 96 kwenye mzunguko wa mwisho. Kwa hiyo jipangie jioni moja kila wiki: mishuko mitatu tu, mwenzako akirekodi kwa simu, hakuna kurudia.

Ukishuka mara ishirini mfululizo bila kugusa chini, lifuate lile bomba lililobaki. Lina kopingi nyingine ya sentimita 244 ndani yake. Jenga rampu ya pili kwa mbavu zilezile za kuchorea, uiweke ikitazama ya kwanza, uache sentimita 244 za sakafu bapa katikati. Hapo utakuwa na hafupaipu.